Kabla ya Kuomba Kuasili Mtoto: Kazi ya Ofisi Yetu na Mipaka Yake

Ofisi yetu hapa Mbeya haina watoto wa kuwapa wateja, wala haina albamu ya picha ambayo mtu anaweza kuipitia na kuchagua. Tunalisema hili mapema kwa sababu wengi wanaotupigia simu, kuanzia Tunduma hadi Makambako, huuliza kwanza mtoto atapatikana lini na kwa kiasi gani. Tanzania Bara, kuasili mtoto kunaongozwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ambayo imeiachia Serikali, kupitia Kamishna wa Ustawi wa Jamii na maafisa ustawi wa jamii walioko katika halmashauri, kazi ya kumkutanisha mtoto na familia, na ikaiachia mahakama mamlaka ya kutoa amri ya kuasili, yaani amri inayomfanya mtoto kuwa wako kisheria. Sisi tunaiandaa familia: tunaieleza sheria, tunapanga nyaraka, na wakili wetu anasimamia ombi mahakamani hadi mwisho.

Wateja wetu wengi si wageni kwa watoto wanaotaka kuwaasili. Ni mama mkubwa, shangazi au bibi aliyemchukua mtoto wa ndugu baada ya msiba, kwa sababu katika nyanda hizi, ambako Njombe, Iringa na Mbeya kwa miaka mingi zimekuwa miongoni mwa mikoa yenye maambukizi makubwa ya VVU nchini, ukoo ndio uliobeba yatima kabla ya taasisi yoyote. Malezi hayo tunayaheshimu kwa dhati. Lakini yanapofika mahali panapodai karatasi, kama vile kumwandikisha mtoto kwenye bima, kumwombea pasipoti au kugawa mirathi, mlezi aliyemlea mtoto tangu akiwa mgongoni anajikuta hana hati hata moja inayoonyesha kwamba mtoto huyo ni wake.

Hapo ndipo baadhi ya watu hushauriwa vibaya. Huambiwa waende kumsajili mtoto upya, mlezi ajiandikishe kuwa mama mzazi, na mambo yaishe kwa siku moja. Cheti cha namna hiyo ni cha uongo na kukitafuta ni kosa la jinai, na zaidi ya hapo kinamwekea mtoto bomu katika maisha yake, kwa kuwa siku ndugu watakapogombana juu ya shamba la chai au kiwanja, mtu wa kwanza kuchunguzwa atakuwa yeye. Amri ya kuasili hufanya kazi tofauti kabisa. Inamhamishia mlezi haki na wajibu wote wa mzazi, inampa mtoto nafasi ileile aliyonayo mtoto wa kuzaliwa, na huingizwa katika rejista ya watoto walioasiliwa inayotunzwa na RITA, wakala wa Serikali unaosajili vizazi na vifo.

Uzito wa amri hiyo ndio unaotufanya tutumie muda mwingi kwenye ridhaa ya mzazi kuliko kwenye jambo lingine lolote. Mahakama inapaswa kujiridhisha kwamba mzazi aliye hai anaelewa kuwa anaachia haki zake moja kwa moja. Dada aliyeko Ileje anaweza kusema kwa moyo mmoja kwamba mtoto akae kwa mama yake mkubwa mjini asome, huku akitarajia kwamba akimaliza kidato cha nne atarudi nyumbani. Hiyo si ridhaa ya kuasili. Tunakaa naye bila yule mlezi kuwepo, tunazungumza kwa lugha anayoielewa vizuri, ikiwa ni pamoja na Kinyakyusa au Kindali inapobidi, na tunamrudisha nyumbani akafikiri kabla ya kutia sahihi. Mara nyingine matokeo yake ni kuwashauri wote wawili waache kuasili na waombe utaratibu mwepesi zaidi wa malezi, jambo ambalo linatupotezea ada lakini linauacha undugu ukiwa mzima.

Kwa anayetaka kuasili mtoto asiye ndugu yake, safari huanzia kwa afisa ustawi wa halmashauri anamoishi. Mwombaji anatakiwa awe na umri usiopungua miaka 25 na amzidi mtoto kwa miaka 21 au zaidi. Afisa hutembelea nyumba, huuliza kipato, afya na uhusiano wa watu wanaoishi humo, na huzungumza pia na majirani. Kisha mtoto huishi na familia kwa malezi ya kambo, yaani malezi ya muda, chini ya uangalizi kabla ya ombi kufika Mahakama Kuu, ambayo ina masjala Mbeya, Iringa na Songea. Wageni wanaofanya kazi huku wajue kwamba sheria inawataka wawe wameishi nchini miaka mitatu mfululizo.

Tunaulizwa pia, hasa na vijana waliosomea ustawi wa jamii, namna ya kufungua ofisi kama hii. Usajili wa BRELA, wakala wa Serikali wa usajili wa biashara, namba ya mlipakodi na leseni ya biashara si sehemu ngumu. Ugumu uko kwenye fedha na siri. Ada itozwe kwa kazi ya kitaalamu tu, iandikwe kwenye mkataba, itolewe risiti, wala isibadilike kulingana na umri au jinsia ya mtoto. Na ofisi isipokee wala kutoa hata shilingi moja kwa makao ya watoto kwa ajili ya mtoto fulani. Majalada yafungwe kabatini, kama Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inavyotaka taarifa za watu zilindwe, na picha ya mtoto isitumwe kwenye kundi lolote la WhatsApp, hata la wafanyakazi.

Anayekuja kwetu mara ya kwanza alete kitambulisho cha taifa, cheti cha ndoa kama ameoa au ameolewa, na barua ya serikali ya mtaa au kijiji. Ikiwa mtoto tayari yuko nyumbani, alete karatasi yoyote iliyopo, hata kadi ya kliniki iliyochakaa au cheti cha kifo cha mzazi. Ikiwa mtoto aliokotwa, asije kwetu kwanza: aende leo hii polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, na kwa afisa ustawi wa jamii.