Risala ya Wanafunzi wa Klabu ya Lugha kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Tunakukaribisha kwa furaha kubwa, na tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako ukaja kutusikiliza.

Mgeni Rasmi, muhula huu klabu yetu imechimbua maneno ya Kiingereza yenye asili ya ulimi. Warumi waliuita lingua, Wagiriki wakauita glossa, na watu wa Athene glotta. Neno language kila mmoja analijua. Yaliyotushangaza ni yale yaliyojificha. Linguine, zile tambi bapa za Kiitalia, maana yake ni vijilimi. Bugloss ni mmea wenye majani ya kukwaruza, na kwa Kigiriki jina hilo ni ulimi wa ng'ombe. Hata epiglottis, kifuniko kinachoziba njia ya hewa tunapomeza tonge, imo humo humo.

Lakini neno lililotushika zaidi ni Glossina, jina la kisayansi la mbung'o, alilopewa na Mjerumani Wiedemann mwaka 1830. Mtazame kwa lenzi: mrija wa kufyonzea damu umechomoza mbele ya kichwa, na mabawa yamelaliana moja juu ya jingine. Ndiye anayeeneza malale kwa watu na nagana kwa mifugo. Kisiwani Unguja alitokomezwa kabisa. Madume walizalishwa kwa wingi Tanga, wakaondolewa uwezo wa kuzaa kwa mionzi, kisha wakamwagwa kutoka kwenye ndege. Mbung'o wa mwisho kisiwani alinaswa mwaka 1996. Hilo ni jambo la kujivunia, na inatusikitisha kwamba wengi wetu tulikuwa hatulijui.

Mgeni Rasmi, changamoto yetu ni hii. Katika Baiolojia tunakariri majina bila kujua yalikotoka, na mtihani ukipita yanafutika. Wanachama waliokwisha kuijua glossa walipokutana na glossitis walitambua wenyewe kuwa ni ugonjwa wa ulimi, kabla mwalimu hajaeleza. Hata hivyo, maktaba yetu haina kamusi ya asili ya maneno.

Kwa heshima na taadhima, tunakuomba utusaidie kuipata kamusi hiyo, pamoja na lenzi chache za mkononi. Vitakaa maktaba, vitumiwe na madarasa yote.

Tunaomba kuwasilisha.