Risala ya Kamati ya Kumuaga Profesa Wetu wa Wadudu, Iliyosomwa mbele ya Mgeni Rasmi, Lubumbashi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Wakuu wa chuo mliopo,
Profesa wetu na Mama,
Wazazi, walimu, wanafunzi wa zamani na wa sasa,
Mabibi na Mabwana,

Jambo kwenu wote.

Kwanza tunamshukuru Mungu aliyekufikisha, Mheshimiwa. Kadi ya mwaliko iliandika saa nne asubuhi na sasa inakaribia saa saba. Hatulalamiki. Kazi za wakubwa hazina saa, na sisi tunaosomea wadudu tumezoea kukaa kimya kando ya mtego mpaka kitu kije.

Pili, tunakupa pole ya safari na karibu nyumbani. Tunasema nyumbani kwa sababu wewe ni mtoto wa idara hii. Profesa bado anayo daftari la alama za mwaka wako. Ametuomba tusilisome hadharani, nasi tumetii.

Tueleze kwa kifupi maisha ya huyu tunayemuaga. Alizaliwa kando ya mto Luapula, upande wa Kasenga, mji huu ukiwa bado unaitwa Élisabethville. Alisomea kilimo Yangambi, miaka ile vyuo vya nchi nzima vilipotiwa katika gunia moja lililoitwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire. Akaenda Gembloux, Ubelgiji, kutafuta udaktari, akarudi 1986 na masanduku mawili, moja la nguo na moja la sindano za wadudu. La nguo lilipotelea njiani. Mama anasema Profesa aliuliza habari zake siku moja tu, kisha akasahau.

Tangu hapo amefundisha. Wanafunzi walimwita Papa Nyenze, kwa sababu akianza somo hanyamazi mpaka jua lizame. Mwaka 1991, uporaji ulipofika Lubumbashi, vijana waliingia idarani wakabeba viti, taipureta na hata bawaba za milango. Walipofika chumba cha makusanyo ya wadudu, harufu ya naftalini iliwapiga puani. Profesa akawaambia kwa upole, “Wanangu, humu kuna sumu.” Hakusema uongo. Waliondoka, na droo zikabaki.

Upande wa mafanikio, Mheshimiwa, idara yetu imefikia kiwango cha kimataifa. Mwanafunzi wetu mmoja anafanya kazi Ndola, Zambia. Klabu ya wadudu imekua mara mbili ndani ya mwaka mmoja, kutoka wanachama 7 hadi 14. Na Profesa alishiriki kuokoa muhogo wa Afrika. Kidung'ata wa muhogo, mdudu mdogo anayefyonza mmea, aliingia nchini kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1970 akitokea Amerika ya Kusini, akakausha mashamba hata sombe, mboga ya majani ya muhogo, ikawa ya kutafutwa. Adui yake alipatikana Paraguay mwaka 1981: nyigu mdogo kama nukta ya kalamu, anayetaga yai ndani ya mwili wa kidung'ata. Profesa aliporudi, nyigu hao walikuwa wameshaanza kusambazwa Afrika, na kazi yake ikawa kuwatafuta na kuwahesabu katika mashamba ya huku. Alipoisoma rasimu ya risala hii alifuta maneno “alishiriki kuokoa muhogo wa Afrika”. Kamati ilikutana, ikayarudisha.

Lakini kazi ya moyo wake ni viwavi. Hapa Lubumbashi hakuna haja ya kumweleza mtu kiwavi ni nini. Nenda soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini, utawaona wamekaushwa, wamelundikwa, mama anapima kwa kopo. Profesa aliuliza maswali ambayo mlaji hajiulizi: huyu anakula jani la mti gani, anageuka nondo yupi, na mti ukikatwa anahamia wapi? Kwa karibu miaka 40 alikuwa anakwenda porini mvua zikianza, analala vijijini, anarudi na vichupa. Ndiye aliyetuonyesha sisi watoto wa mjini kwamba tunkubiu, kiwavi tunayemkaanga, anautaka mti wa mutondo, na kwamba mutondo huohuo ndio unaochomwa makala, yaani makaa, ya kupikia tunkubiu. Siku ile darasani mtu mmoja alicheka. Profesa hakucheka.

Sasa, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, turuhusu tuingie chumbani.

Chumba cha makusanyo unakifahamu. Kiko mwisho wa korido, mlango wa kijani. Ndani yake kuna kila kitu Profesa alichookota tangu 1986, pamoja na vya waliomtangulia. Kila mdudu amechomwa sindano, na chini yake kuna kikaratasi kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, kimeandikwa kwa wino: Kipushi, 12 Novemba 1987, juu ya mutondo. Mdudu asiye na kikaratasi hicho ni takataka. Mwenye nacho ni shahidi. Anakuambia mahali fulani, siku fulani, mti fulani ulikuwepo na yeye alikuwa juu yake. Mahali pengine sasa pana shimo la mgodi au tanuri la makala, na shahidi pekee aliyebaki yuko katika droo zetu.

Wapo wanaouliza faida ya wadudu waliokufa. Tuwakumbushe msimu wa 2016 kuingia 2017, mahindi yalipoanza kutobolewa mioyo. Wakulima walileta viwavi kwenye chupa za maji. Wengi walisema ni viwavijeshi wetu wa siku zote, watapita. Profesa alikwenda kwenye kabati, akatoa kichupa cha viwavijeshi wa zamani, akawaweka bega kwa bega na wageni. Mgeni alikuwa na alama ya Y iliyopinduliwa kwenye paji la uso, na karibu na mkia madoa manne yaliyopangwa mraba. Alikuwa kiwavijeshi vamizi kutoka Amerika, ambaye taarifa zake za kwanza Afrika zilitolewa mwaka huohuo wa 2016. Kazi hiyo ilichukua nusu saa. Kwa anayenunua meka ya unga, kile kipimo cha sokoni, nusu saa hiyo si mchezo.

Mheshimiwa, kichupa kile leo kimekauka. Alkoholi imepaa kwa sababu vizibo vimechoka na bajeti ya kuijaza haijafika. Kuna mwaka Profesa alitoa pesa zake mfukoni, akamtuma kijana aende mtaa wa Katuba anunue lutuku, pombe kali ya kienyeji, wakajazia vichupa. Tunajua jambo hili linachekesha. Lutuku haina nguvu ya kutosha kutunza kiwavi; mnywaji anaweza kubisha, lakini maabara imethibitisha.

Paa nalo linavuja sehemu tatu. Maji yanaingia, ukungu unaota juu ya mabawa. Kabati za mbao zimepinda, milango haifungi, na kwenye nyufa hizo anaingia adui mkubwa kuliko wote: kibuu mwenye manyoya, mdogo kuliko punje ya mchele, anayekula wadudu waliokauka. Yaani wadudu wetu wanaliwa na wadudu. Ukivuta droo ya 23 utaona sindano imesimama, kikaratasi kipo, mwandiko wa Profesa unasomeka, lakini kwenye sindano hakuna mtu. Chini yake kuna unga wa kahawia kama ugoro.

Mwaka jana ilikuja barua kutoka ng'ambo. Mtafiti aliomba kuazima nondo mmoja wa 1987, kwa kuwa alikuwa amesoma habari zake katika makala ya Profesa. Profesa alivaa miwani, akaenda kwenye droo, akakaa huko muda mrefu. Jibu aliliandika mwenyewe, kwa mkono, kabla hatujalipiga chapa: “Nasikitika kukuarifu kwamba sampuli hiyo haipo tena.” Hakuongeza neno, na siku hiyo hakufundisha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatusemi kwamba hatukusikilizwa. Tumesikilizwa sana. Mwaka 2019 tulisoma risala kama hii mbele ya mgeni mwingine mwenye heshima zake, akaahidi mabati ndani ya miezi mitatu. Yalikuja makopo mawili ya rangi, tukapaka ukuta wa mbele, na tunashukuru: jengo linavuja likiwa limependeza. Mwaka 2022 ulikuja wewe mwenyewe. Uliingia chumbani, uliinamia droo, uliguna. Ulisema mbele ya watu wote, “Hili niachieni mimi.” Tulikuachia. Wiki iliyofuata walikuja mafundi wawili, wakapima paa, urefu na upana, wakaandika. Walisahau futi yao juu ya kabati. Tumeitunza mpaka leo, imo ndani ya bahasha yenye jina lako, ili wakirudi wasipate taabu ya kutafuta nyingine.

Tunajua baina ya ahadi na utekelezaji kuna saini nyingi. Ndiyo maana safari hii hatukuleta orodha ndefu. Habari ya asistanti wetu anayefundisha kwa mwaka wa sita sasa bila matrikule, yaani namba ya utumishi, hatutaigusa. Habari ya mafao ya Profesa, ambaye faili lake limesafiri kwenda Kinshasa mara nyingi kuliko yeye, nayo hatutaigusa. Tunaomba chumba kimoja tu.

Tunaomba mabati 60 na mbao zake, kabla mvua hazijakolea. Tunaomba kabati za chuma zenye mpira mlangoni, hata nne za kuanzia, maana kibuu hapiti pasipo na ufa. Na tunaomba jokofu la kugandisha pamoja na paneli za jua na betri zake. Droo iliyoingiliwa hufungwa kwenye plastiki na kuwekwa kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Kibuu anakufa na mayai yake, bila sumu ya kuwaumiza vijana wanaofanya kazi humo. Tunasisitiza paneli kwa sababu umeme wetu mnaujua. Ukikatika siku ya tatu, tutakuwa tumempa kibuu mapumziko tu, ataamka na njaa mpya.

Kama vyote ni vizito, basi mabati. Kama mabati nayo yana taratibu zake, tunaomba turubai leo, na tarehe. Tarehe tutaiandika kwenye kikaratasi kama tunavyoandika za wadudu, mahali, siku na jina la aliyesema, tukichome sindano ukutani.

Profesa anastaafu lakini amesema ataendelea kuja kila Jumanne na Alhamisi, bila malipo, kunakili vikaratasi vya sindano tupu ili angalau maandishi yasalie. Amefika droo ya 31. Zipo 140.

Mheshimiwa, chakula kiko tayari. Kuna bukari, yaani ugali, samaki wa Luapula, na viwavi waliokaangwa na akina mama kwa heshima ya Profesa. Kamati imepanga meza nyuma ya jengo, kwa hiyo njia ya kwenda mezani inapita koridoni, mbele ya mlango wa kijani. Mlango umefunguliwa tangu asubuhi. Ndoo tatu zilizo sakafuni tafadhali usizisogeze, ziko mahali pake.

Tunakushukuru kwa kutusikiliza, na tunakuomba utangulie.

Katibu, kwa niaba ya Kamati
Lubumbashi