Jani la kijani kwenye jaketi halina kipimo

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaonunua majaketi ya porini na kaptula za baharini kwa kuvutiwa na jani la kijani lililochorwa kwenye lebo, kudai nguo hiyo inatunza mazingira. Geuza nguo, tafuta lebo ndogo kwenye mshono wa ubavuni, usome asilimia.

Poliesta iliyorejelewa bado ni plastiki, mara nyingi ya chupa za maji na soda. Patagonia, kampuni ya nguo ya Marekani, imetumia chupa hizo tangu 1993, na mafuta mapya ya petroli ya kutengenezea poliesta yanaokolewa kweli. Lakini nembo ya GRS, cheti cha kimataifa cha nguo zilizorejelewa, hukubalika kuanzia asilimia 50 tu ya nyuzi zilizorejelewa. Nguo yenye nembo ya GOTS, cheti cha nguo za kilimo hai, huanzia asilimia 70 ya nyuzi za kilimo hai, na daraja la juu ni 95. Nembo ya OEKO-TEX Standard 100 wengi huielewa vibaya: hupima kemikali zinazomdhuru mvaaji, si cheti cha kilimo hai.

Mitumba mingi lebo zake zimekatwa. Hapo chomoa nyuzi chache za kitambaa chenyewe kwenye pindo la ndani (uzi wa mshono utakudanganya, maana hata shati la pamba tupu hushonwa kwa poliesta). Zishike kwa koleo juu ya sahani ya bati, uziwashe. Pamba huwaka upesi, hunuka karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta hujikunja, huyeyuka, na ikipoa hubaki punje nyeusi isiyosagika. Usiiguse ikiwa moto, inabandua ngozi. Majivu yakiwa na chembe ngumu, huo ni mchanganyiko, na kwangu ndio wa kuachwa: kuzitenganisha nyuzi hizo ili zirejelewe ni kazi kubwa.

Jaketi la manyoya ya poliesta (fleece), hata lililotokana na chupa, humwaga nyuzi za plastiki kila likifuliwa, na hapa Dodoma maji ya beseni wengi tunayamwaga uani. Usilisugue kwa brashi wala kulifulia maji ya moto. Maji yachuje kwa kipande cha kanga kabla ya kumwaga. Manyoya yatakayobaki juu yatupe pamoja na taka ngumu.

Kwa jua na upepo wa Dodoma shati la pamba linatosha, na pamba ya kilimo hai inalimwa hapa nchini, wilayani Meatu, Simiyu. Anayepanda Kilimanjaro ndiye asivae pamba mwilini: ikilowa haikauki upesi, na baridi humwingia.

Fundi nguo,
Dodoma