Safari ya Moa: maji ya kunywa na maji ya bamvua

Ndugu wanakikundi, assalamu alaykum.

Tutang'oa nanga Tanga Ijumaa baada ya swala, tupitie Kwale na Manza hadi Moa, kaskazini mwa Tanga. Upepo wa kusi utatusukuma kwenda, lakini kurudi itatubidi tupige bisho, yaani twende mshazari huku na huku dhidi ya upepo, kwa hiyo chakula kizidi makadirio.

Maji ya kunywa tuyajaze yote mjini. Visima vya vijiji vya ufukweni vina maji matamu yaliyokaa juu ya maji ya chumvi, na kisima kikichotwa kwa pupa chumvi hupanda, nasi tutakuwa tumewaharibia wenyeji. Samaki, nazi na muhogo tununue kwao, tena kwa bei yao.

Kwa kuwa mwezi utakuwa mpevu, maji yatakuwa ya bamvua, yanayojaa sana na kupwa sana. Naomba sana tuingie kwenye hori (mikono ya bahari) za mikoko wakati maji yanajaa tu, ili mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, ukigusa mchanga maji yenyewe yautoe. Ukigusa yakiwa yanakupwa, chombo kitalala ubavu kwa saa nyingi.

Madumu yaletwe bandarini Alhamisi jioni, yakiwa yamesuuzwa vizuri.