Kamati za UKIMWI za kata zipewe fungu lake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie kuhusu usimamizi wa mapambano dhidi ya UKIMWI. Tume ya Kudhibiti UKIMWI (TACAIDS) iliundwa kwa sheria mwaka 2001 na kuwekwa chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, si Wizara ya Afya. Uamuzi ule ulikuwa sahihi, maana janga hili linagusa pia shule, migodi, mashamba na vituo vya malori. Chini ya Tume hiyo zipo kamati za halmashauri, kata na vijiji, na huko ndiko kunakolegalega. Kwenye kata yetu hapa Moshi kamati hukutana mfadhili akilipa posho, asipolipa, kimya.

Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025, sote tulitikisika. Kila mwaka watu hupanda mlima wetu Kilimanjaro kuchangia mapambano haya kupitia kampeni ya Kili Challenge, jambo la kushukuru sana, lakini kikao cha kata hakipaswi kungoja hisani.

Halmashauri zitenge fedha za kamati hizi kutoka mapato ya ndani. Kamati zikutane kila robo mwaka, wajumbe wanaoishi na VVU washiriki kuamua matumizi, na taarifa ya fedha ibandikwe ofisi ya kata.

Msomaji wako,
Moshi