Juma, hata huku tunalipia

Northampton, Uingereza,
Jumapili usiku

Ndugu yangu Juma,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Sisi hatujambo, ila baridi ndiyo inatutesa. Mama Amina amepokea ile pakiti ya majani chai, anashukuru sana, na ameniagiza nikwambie shemeji asijisumbue tena na posta, gharama imezidi. Habari za Mwalimu nimezipata kwa mdogo wake. Ukimwona mpe pole zangu, nami nitampigia mwenyewe wiki hii. Najua nimekaa kimya muda mrefu. Kazi za usiku zinamaliza mtu, Juma, ukirudi asubuhi hata simu huitaki.

Kilichonishikisha kalamu ni ule ujumbe wako wa sauti. Umesema umeacha kulipia kifurushi kikubwa cha televisheni kwa sababu karo ya shule imeingia, na kwamba msimu ujao hutaona mbio za magari za Formula One nyumbani. Kisha ukaongeza, "Nyinyi huko mna raha, mnaona bure BBC." Nikausikiliza mara ya pili. Nikaona hili haliwezi kujibiwa kwa sauti ya nusu dakika, maana mwenyewe limenikaa rohoni miaka mingi na hapa sina wa kumwambia akanielewa.

Hatuoni bure, Juma. Nilipofika huku ilikuwa bure kweli. Mwaka 2009 BBC walikuwa wameirudisha kutoka ITV, ile chaneli ya bure yenye matangazo ya biashara, ukawa ndio mwaka wa Jenson Button na ile timu ya Brawn. Hakuna matangazo ya biashara, mbio nzima unaiona. Wazee wa hapa bado wanakumbuka ITV walivyokata kwenda matangazo kwenye mbio za Imola, Italia, mwaka 2005, mizunguko michache kabla ya mwisho, Schumacher akiwa amemganda Alonso nyuma. Wakikusimulia utadhani ni jana.

Halafu ikafika Ijumaa, tarehe 29 Julai 2011, madereva wako Hungary kwenye mazoezi. BBC wakatangaza kwamba kuanzia 2012 watagawana na Sky, televisheni ya kulipia. Sky wataonyesha mbio zote, BBC nusu tu moja kwa moja, yaani kumi kati ya ishirini za mwaka huo. Zilizobaki utaonyeshwa marudio yaliyokatwakatwa. Serikali ilikuwa imeizuia ada ya leseni ya televisheni, ile inayowaendesha BBC, isipande juu ya pauni 145.50 kwa mwaka, BBC wakawa wanatafuta pa kubana, na Formula One ni mchezo wa gharama. Hilo naweza kulielewa. Lakini hasira za watu siku ile! Maelfu waliwaandikia BBC. Kazini kwetu kulikuwa na jamaa wa Coventry aliyeapa hataangalia tena mpaka afe. Wa pili akasema afadhali Sky, angalau mazoezi yote yataonekana. Wa tatu alikuwa akipiga hesabu ya king'amuzi kwa mwezi nyuma ya karatasi ya zamu.

Na haikuishia hapo. Mwisho wa 2015 BBC wakajitoa kabisa kabla mkataba haujaisha, Channel 4, ambayo nayo ni ya bure, wakachukua nafasi yao. Kuanzia 2019 zote zikaenda Sky, isipokuwa ya Silverstone peke yake, ile ya hapa Uingereza, ambayo Channel 4 nao wanaionyesha moja kwa moja. Nyingine zote wasiolipa wanasubiri muhtasari, wakati huo simu imeshawaambia nani kashinda. Mwaka 2022 Sky wakaongeza mkataba wao hadi 2029. Mwanangu atakuwa amemaliza shule.

Nisiwe mchoyo wa haki. Kazi ya Sky ni nzuri. Mtangazaji Martin Brundle alihamia kwao, na ukimwona akipenya katikati ya magari kabla ya kuanza, akimwuliza huyu na yule maswali, unajua huyu ni mtu aliyeendesha mwenyewe. Chaneli nzima ni ya mchezo huu tu. Anayelipa anapata zaidi ya tulichowahi kupata BBC, na mashabiki wengi hapa wanalisema hilo wazi. Mimi pia nimelipa miaka kadhaa. Kwa hiyo sizungumzii ubora. Ninachosema ni nani ameachwa nje.

Kuna mzee jirani yangu, nilikuandikia habari zake zamani, yule wa bustani ya waridi. Amefuatilia mbio tangu enzi za James Hunt. Sasa ni mstaafu, hataki kusikia habari ya kulipa mara mbili. Anasema ada ya leseni ameilipa maisha yake yote na imetosha. Mwanzoni alikuwa na ujanja. Alifunga dishi la pili ukutani, akaligeuza lielekee setilaiti yenye chaneli za Kijerumani, akawa anaangalia chaneli yao ya RTL bure, sauti ya Kijerumani ameizima, na redio ya BBC iko mezani inamtangazia kwa Kiingereza. Picha na sauti hazikwenda sawa, redio ilitangulia, kwa hiyo alijua ajali kabla hajaiona. Hakujali. Wengi hapa walifanya vivyo hivyo. Lakini RTL nao, baada ya kuonyesha tangu 1991, waliacha mwisho wa 2020, Ujerumani ikahamia kwenye kulipia kama hapa. Dishi bado liko ukutani, limeota kutu.

Siku hizi ni redio tu. Nilimpitia Jumapili moja kumpelekea maandazi ya Mama Amina. Yuko jikoni, redio kaegemeza kwenye birika, mbele yake daftari la mistari. Amechora safu kwa rula, jina la kila dereva pembeni, na kila anaposikia fulani ameingia kubadilisha matairi anaandika namba ya mzunguko kwa penseli. Matairi laini anaweka nukta, magumu anaweka msalaba. Aliniinulia mkono ninyamaze, nikakaa. Nilipoangalia lile daftari niliona ukurasa baada ya ukurasa, misimu mizima ya mbio ambazo hajaziona kwa macho. Juma, nilitoka pale nimekasirika kuliko alivyokasirika yeye.

Kinachoniuma zaidi ni hapa tulipo. Mercedes wako Brackley, injini zao zinatengenezwa Brixworth, hata robo saa kutoka kwangu kwa gari. Red Bull wako Milton Keynes. Aston Martin wako nje ya lango la Silverstone. Mtaa huu una watu wanaokwenda kazini kutengeneza magari hayo, na majirani zao hawawezi kuyaona yakikimbia bila kulipa. Kuna sheria hapa ya mwaka 1996 inayolinda michezo fulani isifungiwe kwenye kulipia: Olimpiki, Kombe la Dunia, fainali za Wimbledon, hata mbio za farasi za Grand National. Formula One haimo. Farasi wamo, magari hayamo.

Mashabiki wanabishana mpaka leo. Wengine wanasema ni biashara, timu zinahitaji pesa, na pesa iko kwa wanaolipia. Ni kweli pesa ya televisheni ni sehemu ya ile inayogawanywa kwa timu. Lakini mimi naona wanahesabu upande mmoja. Shabiki aliyekwisha kuwa shabiki atalipa, au atatafuta njia, kama mzee na dishi lake. Yule ambaye hajawa shabiki bado, atatoka wapi? Mtu halipii kitu asichokijua. Anakikuta. Anapita sebuleni, televisheni iko wazi, anauliza "hawa wanafanya nini?" na hatoki tena.

Unakumbuka Desemba 2021, Abu Dhabi? Hamilton na Verstappen walifika mbio ya mwisho na pointi sawa, 369.5 kila mmoja. Sky wakakubali Channel 4 nao waonyeshe moja kwa moja, siku ile tu. Mamilioni waliangalia. Nilikuwa narudi kutoka dukani mapema na madirisha ya mtaa mzima yanaonyesha picha ileile. Kesho yake kinyozi wangu, ambaye ni mtu wa mpira tu, alikuwa anabishana kuhusu gari la usalama, lile linalopunguza mwendo wa wote baada ya ajali, kama ilikuwa halali kuwaruhusu wale watano tu waliozidiwa mzunguko mzima walipite. Kina mama kwenye basi wanalizungumzia. Msimu uliofuata kukawa kimya tena, kila mtu na lake.

Na huyu mwanangu sasa. Anawajua madereva wote, kofia ya kila mmoja, nani kahamia timu gani. Lakini anawajua kwa vipande vya simu, sekunde thelathini, gari linapita gari basi. Kukaa saa moja na nusu, kuangalia dereva akihifadhi matairi mzunguko baada ya mzunguko halafu aanze kukaribia, hilo hana mazoea nalo. Mwaka jana siku ya Silverstone nilimketisha. Mzunguko wa ishirini akaniuliza, "Baba, mbona hakuna kinachotokea?" Nikamwonyesha tofauti ya muda pale pembeni ya skrini, inavyopungua kidogo kidogo. Akanyamaza. Akasogea mbele kwenye kiti. Basi, nikajua amenasa. Lakini kwa televisheni ya bure hiyo ni siku moja kwa mwaka, na mkataba wangu wa kulipia unaisha mwezi ujao. Mimi na Mama Amina tumekaa tukapiga hesabu, kodi ya nyumba, gesi, na tumekubaliana hatuuendelezi. Kwa hiyo hali yako na yangu ni moja.

Ulisema utajaribu kule kibandani. Na mwenye kibanda atakubali? Mbio nyingi za Ulaya kwenu zinaanza saa kumi jioni Jumapili, saa ileile ya mpira wa Uingereza. Wewe na nani mtamwambia abadilishe chaneli Arsenal wakiwa uwanjani? Watawatoa na viti vyenu.

Sisi tulikua vizuri, Juma. Pasaka, wakati wa Safari Rally, tumesimama kando ya barabara ya vumbi nje ya Nakuru tangu alfajiri, tunasubiri Toyota ya Kankkunen, yule dereva wa Finland. Hakuna aliyetudai senti. Baba yako aliyekuwa hapendi magari hata kidogo alikuja siku moja kututafuta aturudishe nyumbani, akaishia kusimama nasi mpaka gari la mwisho. Ndivyo ilivyo, anayekuja kwa jambo jingine ndiye anayenaswa. Safari ilipotolewa kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002 nililia kabisa, na iliporudi 2021, Ogier akashinda, Katsuta wa pili, nilikuwa huku nasoma matokeo kwenye simu. Ile video uliyonitumia kutoka Kedong, kule karibu na Naivasha, ndiyo niliyoona. Inatikisika, vumbi lile jepesi kama unga limefunika kila kitu, gari halionekani, linasikika tu, na yule mama wa mahindi choma anakimbia na jiko lake asipate hasara. Mwanangu ameiangalia mpaka anaijua kila sauti. Anaiga ile "ooooiii!" ya binti yako.

Basi hapa ndipo ombi langu. Ile pesa ambayo ingekwenda kwenye mkataba nimeanza kuiweka kando. Nataka nije naye Machi, wakati wa Safari. Si kuangalia kwenye skrini, maana hata Safari ukitaka kuiona hatua kwa hatua ukiwa mbali lazima ulipie huduma ya mtandaoni kama Rally.TV. Nataka asimame kando ya njia apigwe vumbi. Mama Amina bado hajakubali kwa sababu ya shule, lakini hajakataa pia, na nimemjua muda mrefu.

Kwa hiyo niambie. Tukija, tutalala kwako au nyumba imejaa? Sema ukweli, sitakasirika. Kati ya Soysambu na Kedong ni wapi mtoto ataona vizuri bila kuwa karibu mno na njia? Polisi wanafunga barabara mapema kiasi gani siku hizi, na lazima mtu alale kule usiku? Lile pikapu la shemeji bado linatembea? KBC wataonyesha mwaka huu, ili baba yako naye aone akiwa nyumbani? Macho yake yanaendeleaje? Na binti yako bado anachora yale magari, au mambo ya shule yamemshika? Mwambie anichoree moja nimpe mzee wa waridi, atalibandika jikoni. Na wewe, kifurushi umekiacha kabisa au mpaka karo iishe?

Nijibu haraka, nauli za Machi zimeanza kupanda.

Wako,
Hamisi