Zile taa zako, na rubani wa Kijapani

Mbeya, Jumapili usiku

Shabani ndugu yangu,

Salaam nyingi. Barua yako nimeipata kwa yule utingo wa magari ya mpunga, inanuka dizeli tupu. Sisi hatujambo, mama watoto anakusalimia. Bega lako vipi? Ukurasa mzima umeandika taa tu, zile za ajabu ulizoziona ukiendesha gari.

Umesema nisimwambie mtu, hasa tajiri mwenye gari. Sijamwambia. Ila umenikumbusha rubani mmoja wa Japan Air Lines, Kenju Terauchi. Novemba 17, 1986 alikuwa na Boeing 747 ya mizigo, katoka Paris anaelekea Tokyo, kabeba mvinyo wa Kifaransa. Usianze! Mzigo ulikuwa nyuma, wao mbele.

Wako juu ya Alaska, futi 35,000, saa kumi na moja na kitu jioni, jua limeshazama. Akaona taa chini upande wa kushoto, akadhani ni ndege za jeshi. Mara zikawa mbele ya kioo chake. Alisema mwanga ulijaa pale walipokaa, hadi akahisi joto usoni. Baadaye nyuma yake akaona kivuli cha dude moja, mwenyewe alilichora: umbo kama kokwa ya jozi, kubwa mara mbili ya meli inayobeba ndege za vita. Ile 747 kaichora pembeni kama inzi.

Waongozaji wa ndege wa Anchorage wakamruhusu ashuke, kisha azunguke duara zima. Akazunguka. Dude liko palepale, limemganda kama trafiki mwenye njaa. Ndege ya shirika la United iliyokuwa jirani ikaombwa iangalie. Ikamwona Mjapani peke yake.

Wenzake wawili waliziona taa, lakini kwa lile dude hawakuwa na hakika. Rada nayo ilionyesha kitu nyuma yake; mamlaka ya anga ya Marekani ikaja kusema ni mwangwi wa ndege yenyewe. Wengine wakasema aliona sayari za Mshtarii na Mirihi, zilikuwa angani upande huo.

Mimi hilo la nyota silidharau. Mwaka ule natoka Tunduma mtupu, nimeipita Mikumi, alfajiri bado giza. Mbele taa moja. Nikajua pikipiki, nikashusha taa zangu. Hashushi. Nikawasha na kuzima, wapi! Nikaanza kumtukana, nikabana kushoto hadi tairi likagusa changarawe. Shabani, nilikuwa namtukana Zuhura, ile nyota ya alfajiri. Utingo alicheka mpaka Doma.

Lakini Zuhura haikunichoma uso. Na Terauchi hakuwa deiwaka, dereva wa kubahatisha siku: alirusha ndege za kivita kabla, alikuwa na saa zaidi ya 10,000 angani. Hapo ndipo ninapokwama.

Kilichoniuma ni malipo yake. Alizungumza na waandishi wa habari, wakamtoa kwenye usukani wakamweka ofisini, ikapita miaka ndipo akarudishwa kurusha. Kwa hiyo kwa tajiri funga mdomo, umefanya vizuri.

Mimi niandikie sawasawa. Zilikuwa kushoto au kulia? Zilitembea, au gari ndilo lililokuwa linakata kona? Na usinifiche: tangu Tunduma ulikuwa umelala saa ngapi?

Wako,
Mwakalinga